Gofu ni la Mtazamaji, Mahame ni ya Wenyewe

Mwaka 1796 huko Paris, Hubert Robert alionyesha mchoro wa jumba alilokuwa akilifanyia kazi, likiwa limeshaanguka. Ni ule Ukumbi Mkuu wa Louvre. Paa limetoboka, mbingu inaingia, majani yameota juu ya kuta, na vifusi vimejaa sakafuni. Katikati ya uharibifu huo amesimama Apollo, sanamu maarufu ya kale, na karibu yake kuna mtu anamchora.

Sasa, Louvre wakati huo haikuwa imeanguka. Ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa kuwa makumbusho ya umma, mwaka 1793, na Robert alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kuyapanga. Na yule Apollo hakuwa Paris. Alikuwa bado Rome kwa Papa. Jeshi la Ufaransa lilimchukua baadaye, akafikishwa Paris mwaka 1798. Kwa hivyo ndani ya mchoro mmoja jumba zima limevunjwa, na mali ya watu wengine imeshahamishwa kabla ya kuporwa kwenyewe. Watu husema ni picha ya huzuni. Mimi naona pia ni picha ya mtu mwenye uhakika kwamba dunia yote ni stoo yake.

Nimeuona mchoro huu kwenye simu tu, nikiuvuta kwa vidole viwili mpaka nyufa za rangi zikaonekana. Ufaransa sijafika, na chuo nilikiacha mwaka wa pili, kabla hata hatujafika karne ya 18. Lakini nina kesi na Robert. Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, ambako kila siku watu wanakuja kupiga picha kuta zetu zinavyobanduka chokaa. Wengi wao hawajui jina lake, na picha wanazopiga ni zake.

Basi huyu Robert ni nani? Alizaliwa Paris mwaka 1733. Mwaka 1754 alikwenda Rome, akakaa miaka 11. Rome ya siku hizo haikuwa makumbusho yenye tiketi na walinzi. Lile Foramu la Warumi, walikohutubia akina Cicero, lilikuwa limefukiwa nusu na udongo, na wenyeji waliliita Uwanja wa Ng'ombe, manake ng'ombe ndio waliokuwa wakilisha pale. Robert alitembea humo na daftari lake, akachora matao, nguzo, ngazi zisizokwenda popote. Aliporudi kwao mwaka 1765 alikuwa na akiba ya kumtosha maisha. Mwaka uliofuata alipokewa katika Akademia ya Kifalme, na 1767 akaonyesha kazi nyingi kwenye Saloni, maonyesho makubwa ya umma. Watu wakampa lakabu: Robert wa Magofu.

Ilikuwa biashara nzuri. Tajiri wa Paris alitaka gofu ukutani kwake kama vile mtu wa leo anavyotaka sofa ya rangi ya krimu. Gofu lilimwonyesha kuwa ni msomi, kwamba historia anaijua, na kwamba ana nafasi ya kuhuzunika baada ya chakula cha mchana. Na Robert alijua kazi. Mwanga wake unapita chini ya tao ukaja kukupokea kama mtu anayekufungulia mlango. Nguzo anazikuza kuliko zilivyo, watu anawafanya wadogo, na majengo ya miji mbalimbali anayaweka kwenye picha moja kama majirani.

Mwanafalsafa Denis Diderot aliiona Saloni ile ya 1767 akaandika kurasa nyingi juu yake. Robert alimsifu sana, kisha akamgombeza. Lawama yake ni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: watu wamezidi. Alimtaka afute robo tatu ya watu kwenye picha zake, abaki labda mmoja tu, mpweke, anayepita kwenye giza la gofu amekunja mikono. Kwa Diderot, gofu lina kazi ya kumfanya mtazamaji afikirie wakati, mauti, na udogo wake mwenyewe. Watu wengi wakiwemo, wanamvurugia.

Ukiwatazama hao watu ambao Diderot alitaka wafutwe, utaona wengi ni wanawake wanaofua. Picha baada ya picha, Robert anaweka wafuaji. Wamepiga magoti kwenye birika la marumaru lililokuwa labda la mfalme, na kamba ya nguo imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Shuka zinakauka kwenye hekalu. Kuna mtoto anachungulia, kuna mbwa. Hakuna anayelia kwa sababu ya Roma, wana kazi.

Hapo mimi nasimama na Robert dhidi ya Diderot. Nakubali kwamba aliwaweka wafuaji kwa sababu za kiufundi, nguo nyeupe hushika mwanga na mtu mdogo huonyesha ukubwa wa nguzo. Lakini hata kama alitaka kipimo tu, alichopata ni ushahidi, kwamba hakuna gofu lililo tupu. Jengo likianguka, wenye nacho huondoka, na wasio nacho huingia. Wanaotafuta upweke kwenye gofu ni wale ambao hawahitaji kufua.

Na Robert alikuwa bora zaidi alipochora uharibifu wa kwao. Mwaka 1786 nyumba zilizokuwa juu ya daraja la Notre-Dame zilibomolewa, na yeye akazichora zikiwa nusu: vyumba vimekatwa ubavuni kama mkate, karatasi za ukutani ziko wazi kwa kila mpita njia, na hapo mtu alikuwa akilala. Julai 1789 aliichora Bastille katika siku za kwanza za kuvunjwa kwake. Kisha mapinduzi yakamfikia yeye mwenyewe, akafungwa wakati wa Ugaidi, na gerezani akaendelea kuchora, hata juu ya sahani. Ukizilinganisha picha hizi na zile za Rome, unaona mkono ni uleule lakini jicho limebadilika. Kule Rome gofu ni mapambo. Kwenye lile daraja la Paris anajua kwamba kila chumba kilichopasuliwa kilikuwa na mpangaji.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta, na nadhani Kiswahili kinaieleza vizuri kuliko Kifaransa. Neno lao la gofu linatokana na Kilatini, kuanguka. Linatazama jengo. Sisi tuna maneno mawili. Kuna gofu, ambalo ni bufuru la nyumba, kuta bila paa; hata mtu aliyekonda mpaka mifupa tunamwita gofu la mtu. Halafu kuna mahame. Mahame yanatokana na kuhama. Neno hili haliulizi kuta ziko vipi, linasema kulikuwa na watu na wameondoka. Ukisema gofu, mtu anaweza kukujibu, "Zuri." Ukisema mahame, jibu la kawaida ni swali: ya nani?

Miaka ileile ambayo Robert alikuwa anauza magofu Paris, huku kwetu kulikuwa na mtu anayetazama mahame. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, katika visiwa vya Lamu, alitunga Al-Inkishafi mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Tunaisoma shuleni kama utenzi wa mawaidha, unajibu maswali ya mtihani unasahau. Isome tena baada ya kutazama Robert, utashangaa. Mandhari ni yaleyale, majumba marefu ya matajiri, taa zilizokuwa zikiwaka, vyombo vya kaure kwenye vidaka vya ukutani. Sasa popo wananing'inia, ndege wa mwituni wanalea makinda ndani ya vidaka, buibui wametandaza, milango imebaki wazi kwa giza. Kama mchoro, ungeuzwa Paris asubuhi moja.

Lakini angalia mshairi amesimama wapi. Robert anasimama mbali kiasi cha kuona tao lote. Sayyid Abdallah yuko ndani ya nyumba, na anajua ni nyumba ya nani. Anauliza wako wapi, na anawataja kwa majina, akianza na ukoo wake, na Ali bin Nasir yumo. Kisha hamgeukii msomaji kumwambia atazame uzuri wa huzuni. Anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji: haya yote unayaona, na bado hutaki kuamka? Gofu kwa Robert ni kitu cha kununua. Kwa Sayyid Abdallah ni kesi, na mshtakiwa ni yeye.

Tena wasomaji wa Mombasa tusisome kana kwamba hayatuhusu. Pate haikuanguka kwa kudura peke yake. Kulikuwa na vita vya kugombea utawala na biashara, na karibu na mwaka 1812 Pate na Mazrui wa Mombasa walikuwa upande mmoja walipopigwa na watu wa Lamu kule Shela. Mji wetu ulikuwemo. Utenzi wenyewe hauzungumzi siasa hiyo, unaizungumzia dunia inayohadaa watu, na hapo ndipo nina dukuduku nao. Wanaoulizwa wako wapi ni mabwana, wanazuoni, watu wa nasaba. Waliochoma chokaa, waliovua matumbawe na kuyachonga, waliobeba boriti za mikoko kutoka majini, wengi wao watumwa, hao hakuna anayewauliza walikwenda wapi. Robert hana jina la hata mtu mmoja, lakini wafuaji wake wapo. Sayyid Abdallah ana majina, lakini wafuaji hamna. Ningepewa nafasi ya kutunga gofu kamili, ningechukua kimoja kwa kila mmoja.

Pate ya leo, kwa bahati, imejisahihisha yenyewe. Kati ya kuta za mji wa kale watu wanalima tumbaku. Majani mapana ya kijani yanapanda pale ambapo palikuwa na ukumbi wa mtu. Diderot angesema wafutwe.

Nayaandika haya nikiwa Mama Ngina, kwa sababu kuna upepo na hakuna anayenihimiza ninunue chai nyingine. Ni mahali pazuri pa kufikiria Robert, manake yeye hakuwa mchoraji tu, alikuwa pia mbunifu wa bustani za mfalme. Wakati wake matajiri wa Ufaransa walijenga magofu mapya kwenye bustani zao, mahekalu yaliyovunjika tangu siku ya kwanza, nguzo zilizokatwa kwa makusudi. Kule Ermenonville kuna Hekalu la Falsafa ambalo liliachwa bila kumalizwa kusudi. Fikiria fundi analipwa ili asimalize.

Bustani yetu hapa ilifunguliwa upya Oktoba 2019, wakati wa Siku ya Mashujaa, kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi milioni 460. Ina malango yanayoiga usanifu wa Waswahili, ukumbi wa wazi, na njia safi za kutembea chini ya mibuyu. Siibezi. Jumapili jioni hapajai watu wa picha, panajaa familia. Watoto wanakimbia, mihogo inakaangwa, mabuyu yanauzwa, meli inapita kwenye mkondo wa Kilindini karibu kiasi kwamba unaweza kusoma jina lake. Bustani ya mfalme haikuwa hivi. Ila kuna jambo moja. Kandokando ya barabara hiihii kuna mabaki ya ngome ndogo ya Wareno, Fort Saint Joseph. Ni gofu la kweli, na karibu hakuna anayelitazama. Lango jipya lenye sura ya zamani linapigwa picha mia kwa saa, na ukuta wa zamani wenyewe umekaa kwenye nyasi. Robert angeelewa, maana tunapenda ukale uliopakwa rangi.

Kwa upande wa pili wa ngome hiyo, Mbaraki, kuna somo jingine. Nguzo ya Mbaraki na msikiti uliokuwa ubavuni mwake vilibaki mahame, na watu wakawa wanapeleka ubani na marashi, wakiamini pana wenyewe wasioonekana. Baadaye msikiti ukajengwa tena, sala ikarudi. Hata ulipokuwa gofu, hakuna aliyesema ni mtupu. Ulikuwa unabishiwa hodi.

Sasa turudi kwenye riziki yangu. Sehemu ya kazi ninazopata ni kuandika maelezo ya picha za Mji wa Kale kwa ajili ya kurasa za usafiri. Nalipwa kwa picha. Mlango wa kuchonga, roshani iliyoinama, ukuta uliovuliwa chokaa matumbawe yakaonekana kama mbavu. Mteja mmoja alirudisha picha sita kwa sababu ya kamba za nguo. Alitaka tupate uchochoro huohuo, mwanga huohuo, bila kanga na bila suruali za shule. Nilimwambia hiyo kamba iko pale kila siku isipokuwa siku ya mvua. Akasema basi tufute kwa kompyuta. Ikafutwa, kwa dakika mbili. Diderot ilimbidi aandike kurasa nyingi kuomba kitu hicho, na hakupewa.

Uchochoro ule ukishafutwa nguo unakuwa mzuri kweli, sikatai. Unakuwa pia wa kununulika. Ukuta usio na nguo ni ukuta usio na mtu, na usio na mtu hauhitaji kumuuliza mtu. Hapo ndipo ninapoona hatari ya urembo wa Robert ukihama bila wafuaji wake. Picha inatangulia, mnunuzi anafuata. Apollo anakuwa Paris kabla hajatoka Rome.

Nyumba ya marehemu nyanya yangu iko kwenye picha kama hizo. Naitambua kwa baraza yake na ufa unaoshuka kutoka dirisha la juu. Ina warithi tisa, wanne wako Ghuba, mmoja Uingereza, waliobaki tuko hapa na hatuna pesa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kuamka ukapandisha zege na mabati, na ukarabati wa haki unataka chokaa, matumbawe, boriti, na fundi anayejua, ambaye siku hizi ni mzee na ana foleni. Kuna mtu anataka kuinunua. Anasema atabakiza ukuta wa mbele vilevile ulivyo, na ufa wake, maana wageni wanaupenda. Nyuma ataweka vyumba vya kulala vyenye viyoyozi. Juzi kwenye kikao cha ukoo shangazi mmoja alimuuliza mjomba kwa nini nyumba inaanguka. Mjomba akajibu, "Haianguki, dada. Inaachwa."

Jibu hilo ni uhakiki mzuri kuliko mwingi niliousoma. Kuanguka ni kazi ya mvuto wa ardhi, haina mkosaji. Kuachwa kuna mwenye kuacha, kuna sababu, kuna bei. Wachoraji wa magofu wa karne ya 18 walitufundisha kutazama kuanguka, na walitufundisha kwa ustadi mkubwa sana. Walituzoesha kuona wakati kama mwashi anayebomoa polepole, asiyelaumika. Lakini Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani mwaka 1883 kule Unguja, iliporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili walikufa. Nilipoona zile picha, vumbi jeupe, nguzo zilizopinda, anga pale palipokuwa ukuta, kitu cha kwanza kilichonijia ni Robert, na niliona vibaya kwamba ni yeye aliyenijia kwanza. Jengo lilikuwa limetazamwa kwa mapenzi kwa miaka mingi. Kutazamwa hakukulizuia.

Kwa hivyo sisemi tuache kupiga picha, wala sisemi Robert afungiwe kabatini. Nenda ukamtazame, hata kwa simu. Anza na lile daraja la 1786, si mahekalu. Kisha chukua Al-Inkishafi, si kwa mtihani safari hii, uisome kwa sauti, usikie anavyowaita watu wake. Halafu pita Mji wa Kale mchana, saa nane, nguo zikiwa zimeanikwa. Ukipiga picha ya ukuta, mwulize aliye barazani ni nyumba ya nani. Kama hakuna aliye barazani, uliza duka la jirani, atakuambia mpaka jina la babu. Liandike chini ya picha.

Kikao cha ukoo kinaendelea wiki ijayo. Ndugu wawili wameshasema wauze, mmoja amesema kufa kwanza, wengine wanangoja bei. Mimi nimeombwa niandike maelezo ya nyumba kwa ajili ya mnunuzi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimeandika jina la nyanya, mwaka aliohamia, idadi ya watoto aliozalia ghorofani, na kwamba kamba ya nguo inapita uani kuanzia dirisha la jikoni mpaka kwenye msumari wa mlango wa nyuma. Kama anainunua, ajue anamnunulia nani.